Sifa za Kanda ya Kikaoni

Baba yangu mdogo alipokwenda Hija, katika zama ambazo kaseti ziliuzwa Jeddah kwa marundo kama tende, alirejea na maji ya Zamzam, tasbihi za kuwagawia jamaa, na kanda moja ya mwimbaji Mohammed Abdu aliyoificha chini ya kanzu zake kwa haya, kwani hakupenda watu waseme kwamba alifuata thawabu akarudi na udi usio wa kufukiza. Kanda hiyo niliirithi mimi, na kila niisikilizapo huzidi kuthibitika moyoni mwangu kwamba, katika ufundi wote wa kuhifadhi sauti, hapana ulio mgumu wala unaostahili taadhima kuliko ule wa kuunasa wimbo pale pale unapoimbwa, mbele ya watu wanaokohoa, wanaocheka na wanaoitikia.

Wenyewe huita mkusanyiko wa namna hiyo jalsa, yaani kikao, na jina limesibu. Maana mwimbaji hasimami juu ya jukwaa akatazamwa kama mnara, bali huketi na wenziwe, udi mapajani, fidla ubavuni, na kando yao wapigaji wa marwasi, ile ngoma ndogo ya nyuso mbili ambayo Lamu na Unguja twaijua kwa jina lilo hilo. Kisha wapo wapiga makofi, na hawa ndio wanaonistaajabisha zaidi, kwa sababu kofi lao si la kupongeza, ni ala kamili: hawa hushika pigo, wale huingia katika pengo lake, hata msikilizaji asiyewaona akadhani mvua imeanza kunyesha juu ya paa la mabati. Sasa mfikirie fundi wa sauti. Akikisogeza kipaza sauti karibu mno na kinywa cha mwimbaji, makofi huhamia nyumba ya jirani. Akikirudisha nyuma kupita kiasi, udi huzama chini ya marwasi usionekane tena. Wala hawezi, kama afanyavyo mwenziwe wa studio, kumwomba mtu arudie ubeti kwa kuwa kikombe cha kahawa kimelia juu ya sinia. Imempasa aujue wimbo kabla haujaimbwa, na awajue walioketi kama ajuavyo mpishi wa pilau moto wa kuni zake.

Tena kuna jambo la hewa, ambalo wengi hawalitii maanani. Jeddah iko ukingoni mwa Bahari ya Shamu, na unyevu wake huwa mzito hata kanzu ikagandama mwilini. Riyadh iko bara, katika nyanda za Najdi, kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari, na baina ya miji hii miwili kwa njia ya gari mna zaidi ya kilomita 900. Kundi la wanamuziki likifanya safari hiyo, ngozi ya ngoma iliyolegea Jeddah hata ikabidi kuoteshwa moto, hufika Riyadh ikakazana na kupanda sauti yenyewe. Mbao za udi nazo hunywea, vigingi vikateleza, na nyuzi zikalegea katikati ya wimbo. Hata hewa tupu haina insafu: palipo pakavu humeza sauti nyembamba upesi zaidi, na katika uwanja wa wazi mtu wa safu ya nyuma husikia wimbo uliokwisha kunyolewa ncha zake. Kwa hiyo wimbo mmoja ukiimbwa leo katika mji huu na juma lijalo katika mji ule, ni nyimbo mbili, na fundi anayezisawazisha kwa mitambo zifanane, mimi humhesabu kama mtu aliyefuta herufi ili karatasi iwe safi.

Hadhira nazo hazilingani. Watu wa Hijazi, upande wa Jeddah, wamelelewa katika mizmar, mchezo wa fimbo ambao UNESCO iliuandika katika orodha yake mwaka 2016, na ambao mtu wa Lamu akiuona hatakosa kukumbuka kirumbizi. Wale wa Najdi wana samri, safu mbili za watu waliopiga magoti wakielekeana, hawa wakisema na wale wakijibu. Ya Hijazi ndiyo inayonipendeza zaidi, na sidai kuwa huo ni uadilifu, kwani mimi ni mtu wa pwani.

Miaka mingi Riyadh na Jeddah zilikaa bila matamasha ya hadharani, na ni katika Januari 2017 ndipo Mohammed Abdu alipoimba tena Jeddah mbele ya maelfu, kisha Machi mwaka huo huo Riyadh, katika Kituo cha Utamaduni cha Mfalme Fahd. Mwimbaji mwenziwe, Talal Maddah, hakuwahi kuyaona hayo; yeye alifariki Agosti 2000 jukwaani, huko Abha, mbele ya hadhira yake. Leo vijana wana majukwaa makubwa, na imetokea hata bendi ya wanawake watupu, Seera, inayochanganya magitaa ya umeme na mahadhi ya Kiarabu. Nawaombea fundi atakayewafuata safarini na masikio yaliyo wazi, kwa kuwa katika kanda nyingi za matamasha makubwa hadhira husikika kama upepo tu, hapana hata mtu mmoja ndani yake.

Ile ya baba mdogo ni kanda ya dakika 60, nusu saa kila upande, na aliyeinakili hakupima. Basi upande wa kwanza hukatika katikati ya wimbo, makofi yakiwa ndiyo kwanza yamekolea, na upande wa pili huanza na nusu ya kofi moja. Nimekwisha kuusikia wimbo huo mzima, katika nakala safi, mara nyingi. Nikifika pale, bado mkono wangu hunyanyuka kwenda kuigeuza kanda.