Chokaa ya Kuondolea Chokaa

Mji wa Hialeah, ulio ubavuni mwa Miami upande wa kaskazini-magharibi katika jimbo la Florida, umejengwa juu ya ardhi tambarare ambayo chini ya udongo wake mchache kuna jabali la chokaa lenye vitundu tele, na ndani ya vitundu hivyo ndimo yalimo maji ambayo tangu miaka ya 1920 yamekuwa yakivutwa kwa pampu na kusafishwa mumo humo mjini, kwa ajili ya Miami na vitongoji vyake. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea visima vilivyochimbwa katika jiwe la matumbawe, hana haja ya kuelezwa sana tabia ya maji ya namna hiyo: sabuni huliwa kabla ya povu kutoka, na birika la chai baada ya miezi michache huota ndani yake utando mgumu usiobanduka ila kwa siki au ndimu.

Asili ya ugumu huo ni mvua. Ipitapo katika udongo wenye majani yaliyooza, huchukua hewa ya kaboni, ikawa na ukali kidogo wa kutosha kuyeyusha jiwe; na chokaa iliyoyeyuka hudumu majini bila kuonekana madhali hewa ile imo. Maji yakichemshwa hewa hutoka, na chokaa, ikiwa imepoteza mshikizi wake, hushuka na kuganda katika chombo. Henry Cavendish aliyaeleza hayo katika makala yake ya mwaka 1767 juu ya maji ya pampu ya Rathbone Place mjini London, na akaonyesha pia kwamba chokaa hiyo yaweza kushushwa pasipo moto wowote, kwa kutia maji ya chokaa.

Thomas Clark, mwalimu wa kemia katika chuo cha Marischal huko Aberdeen, ndiye aliyeigeuza elimu hiyo kuwa kazi ya kuhudumia miji, akapewa hataza mwaka 1841. Kwa anayeisikia mara ya kwanza, habari yenyewe yafanana na mzaha: maji yana chokaa kupita kiasi, nawe wayaongezea nyingine. Lakini hii unayoitia ni ile iliyochomwa tanurini kisha ikazimwa, nayo ina pupa ya kuinyakua hewa ya kaboni popote iipatapo. Basi huipokonya ile iliyomo majini hewa inayoiyeyusha, na zote mbili, mwenyeji na mgeni, hushuka pamoja zikiwa unga mweupe. Hii ndiyo sifa ambayo dawa nyingi za maji hazina, yaani dawa ikiisha kufanya kazi hujiondoa yenyewe, mradi kipimo kiwe sawa.

Kipimo hicho ndicho kazi yote ya fundi. Maji ya visima vya Hialeah, ambayo ugumu wake wapita miligramu 200 kwa lita, huchanganywa na uji mwembamba wa chokaa, naye fundi hutazama pH ikipanda: ikikaribia 9.5 kalsiamu hushuka vizuri, ilhali magnesiamu haishuki barabara mpaka pH ifike karibu na 11, kwa chokaa nyingi zaidi na gharama kubwa zaidi. Kwa bahati, jabali lile halitoi magnesiamu nyingi, hata hapana sababu ya kupanda hadi huko.

Walakini mimi huona kwamba mtambo wa namna hii haupimwi kwa utamu wa maji yake, bali kwa linalofanywa na tope lake, na hapo ndipo wengi wanaousifu hupita mbio. Na tuhesabu. Kuondoa ugumu wa miligramu 100 katika kila lita, kwa maji yapatayo lita 1,000,000, kwahitaji kilo 56 za chokaa isiyozimwa, na mashapo yatakayoshuka, yakikaushwa, ni kilo 200. Mji unaotumia mamia ya mamilioni ya lita kwa siku hujikuta una kilima cha tope jeupe kinachokua kila asubuhi, na miji mingi haikuwa na shauri juu yake ila kulimwaga katika madimbwi.

Wenye Hialeah walijenga tanuri. Kilo zile 200, zikichomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi, hurudi kuwa chokaa kilo 112, maradufu ya ile iliyotumika, na kilo 88 hutoka kama hewa ya kaboni. Hesabu ya kweli hupungua kidogo, kwa kuwa tope halikosi uchafu, lakini hata hivyo jambo ni dhahiri: mtambo huacha kununua chokaa, kwa kuwa maji yenyewe huileta kutoka jabalini. Wachomaji wetu wa matumbawe wangalilielewa jambo hili bila kuelezwa. Nayo hewa ya kaboni yaweza kurejeshwa majini kidogo, ili pH ishuke na chokaa iliyosalia isije ikagandia mabombani. Ila fundi hujihadhari asizidishe, maana maji yaliyolainishwa mno na kuachwa na ukali huanza kuyala mabomba.

Kifaa cha nyumbani chenye vidonge vya utomvu, ambacho wauzaji hukipeleka mlango kwa mlango katika vitongoji, hufanya kazi kwa sheria nyingine kabisa: hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu, miligramu 46 kwa kila 100 za ugumu, kisha huoshwa kwa maji ya chumvi ambayo huishia katika mfereji wa maji machafu. Mahali ambapo mji umekwisha kuyalainisha maji, kifaa hicho ni kulipa mara mbili. Na pale kinapohitajika kweli, bomba la jikoni huachwa nje yake, hasa kama nyumbani mna mtu aliyekatazwa chumvi na tabibu.