Mtoro na jeneza la Darajani

Asubuhi moja pale Darajani lilipita jeneza katikati ya soko, tahalili zikishindana na honi za daladala. Muuza ndizi mmoja akaacha meza yake, akatia bega, akaenda hatua kama ishirini, akampokeza mwengine, akarudi kwenye ndizi zake. Hakuuliza maiti ni nani.

Mkobani nilikuwa na Desturi za Waswahili, kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, alichokichapisha Carl Velten Ujerumani mwaka 1903. Chuo kikuu hatukusomeshwa hicho. Tulisomeshwa Arnold van Gennep, kitabu chake cha 1909, na hatua zake tatu: mtu hutengwa, hukaa kati na kati, kisha hupokelewa upya. Mtihani nikafaulu. Halafu mzee wangu akafariki, na zile hatua hazikunifaa kitu. Nilitaka kujua nani anaosha, sanda inakatwaje, waliokuja watakula nini. Shangazi ndiye aliyejua.

Hapo ndipo Mtoro anapomshinda mtaalamu wa Ulaya. Hahangaiki sana na maana ya ibada. Anasema nani anafanya nini, na baada ya hapo kinafuata nini. Ukimsoma unaona kwamba maziko ni kazi, na kila kazi ina wenyewe.

Lakini kasoro ipo. Anayekufa katika kurasa zake ni "mtu" tu, na mambo yanakwenda kwa mpango. Hakuna aliyesahau karafuu maiti, hakuna ndugu waliogombana. Kwetu kaka zangu walibishana mpaka mlangoni, mzee azikwe mjini au shamba. Kilichowanyamazisha ni ile desturi yenyewe: maiti hacheleweshwi. Wakabeba, huku wamenuniana. Nguvu hiyo ya desturi, kuwabebesha pamoja watu wasiosemezana, Mtoro haionyeshi, kwa sababu kwake hakuna anayekataa.

Mtoro mwenyewe alifia Berlin mwaka 1927, mbali na Bagamoyo. Siwezi tena kuisoma sura ya maziko bila kulifikiria hilo. Pengine ndiyo maana sasa naiona sura hiyo si baridi kama nilivyodhani mwanzo. Kitafuteni kitabu, mkisome kabla msiba haujabisha hodi.