Neema: Majazi Yanayowaponza Watahiniwa

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kukutana na jibu kama hili: "Neema ni majazi kwa kuwa jina lake lina maana ya baraka." Mwanafunzi ametaja mbinu, amefasiri jina, kisha ametua kalamu. Akipata alama haba asimlaumu mtahini. Hajatueleza ni neema ya aina gani, wala ni nani aliyeipata.

Chanzo cha kasoro hii ni fasiri. Hapa kwetu Nyamache si ajabu kumpata Grace darasani. Mwulize maana ya jina lake, atakujibu "neema" bila kusita. Kumbe neno hilo la Kiingereza hukusanya dhana nyingi ambazo Kiswahili kimezitenga. Mwendo wa kupendeza ni madaha. Mvuto wa mtu ni haiba. Uungwana wa kumtendea mwenzio vyema ni jamala. Msaada atoao mwenye uwezo ni hisani au fadhila. Huruma ya Mungu kwa mja wake ni rehema. Hata muda anaoongezewa mdaiwa una jina lake: muhula.

Utazitofautishaje? Tazama maneno yanayozaliwa nayo. Neema hutupa kuneemeka, yaani kustawi na kupata mali. Kinyume chake ni dhiki. Fadhila hutupa mfadhili na mfadhiliwa, watu wawili wasiolingana. Ndiposa wahenga wakanena kuwa fadhila ya punda ni mateke: aliyetoa alitarajia shukrani, hakuipata. Rehema nayo inahusiana na marehemu, yule tunayemtakia rehema za Mola.

Lugha ya Biblia imeliongezea neno neema maana nyingine: kipawa ambacho mpokeaji hakukistahili wala hawezi kukilipia. Mtoto wa Kigusii aliyekulia kanisani, akisikia habari za amaabera, yaani huruma, huielewa maana hii upesi. Ile ya ustawi humpita.

Chukua mfano wa nyumbani. Wakulima wanaopeleka majani katika kiwanda cha chai cha Nyamache hulipwa kila mwezi, kisha hungoja bonasi ya mwisho wa mwaka. Bonasi ikinona, watu husema mwaka ni wa neema. Wamesema sawa, kwa maana ya ustawi. Lakini bonasi si neema kwa maana ya pili, kwa sababu mkulima ameichuma kwa vidole vyake katika umande wa alfajiri. Wala si fadhila. Anayemlipa hamfadhili, anampa haki yake.

Sasa turudi kwenye Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Neema, mkewe Mwangemi, aliwahi kuokota kitoto kilichotupwa, kikapelekwa katika kituo cha kulelea watoto. Baadaye, yeye na mumewe wakiwa na kiu ya mtoto wa kulea, wanampanga Mwaliko, mtoto aliyetoroshwa nyumbani kwao na Sauna, kijakazi.

Watahiniwa wengi huishia hapa: Neema amempa Mwaliko makao, kwa hivyo jina linaafiki. Jibu hilo linaieleza fadhila. Linamfanya mama kuwa mfadhili na mtoto kuwa mdeni. Nami nashikilia kwamba riwaya inasema zaidi. Mwaliko amepata wazazi, na Neema amepata kuitwa mama. Kila mmoja amepokea asichoweza kukilipia. Mtahiniwa akiliona hili, na akikumbuka kuwa Mwaliko naye ana jina la majazi, atakuwa na hoja, si fasiri tupu.

Jambo hili halikomei kwenye mtihani. Katika madarasa yetu wamo watoto wanaoishi kwa shangazi na ami, na wengine wanaolipiwa karo na wahisani. Mtoto akikumbushwa kila jioni ni nani anayemlisha, neema imekwisha kuwa deni. Anayeijua tofauti ya maneno haya atalitaja jeraha hilo kwa jina lake, katika insha na hata maishani.

Chozi la Heri iliipisha Nguu za Jadi mwaka 2023, lakini majazi hayakuondoka katika karatasi ya tatu. Kwa hivyo, mtahiniwa, ukikutana na jina la mhusika, fuata hatua tatu. Kwanza, orodhesha maana zote za neno unazozijua. Pili, tafuta tukio linaloafiki maana mojawapo. Tatu, chunguza kama kuna tukio linaloipinga, kwani huenda mwandishi anakejeli. Nawe mwalimu, usimpe mwanafunzi maana ya jina kabla hajasoma tukio. Mwache aitafute mwenyewe.