Khanfu ya Van Gulik

Mwanadiplomasia Mholanzi Robert van Gulik, aliyewahi kukaa Beirut, alitoa mwaka 1966 riwaya ya upelelezi Murder in Canton: Jaji Dee yuko Guangzhou mwaka 681, akimsaka afisa mkubwa aliyepotea. Fumbo limefungwa barabara. Lakini Mansur, mkuu wa Waarabu, kafanywa wa kuogopwa tu. Akhbar al-Sin wal-Hind (237 Hijria, 851) inatuonyesha Khanfu nyingine: kadhi Mwislamu aliyewekwa na mtawala wa China, anasalisha Idi, na wafanyabiashara wa Iraki hawapingi hukumu zake.

Tunayemkumbuka ni Zumurrud, mcheza ngoma, baba baharia Mwarabu, mama Mtanka wa mashuani: huku mgeni, kule mgeni. Jamaa zetu waliohamia Maskati kutoka Unguja hawatahitaji kuelezwa.