Siri ya Mwuaji katika Kiswahili

Mchezo wa Bibi Agatha Christie uitwao The Mousetrap ulianza kuchezwa London mwaka 1952, na hata leo watazamaji huombwa wasiitoboe siri ya mwuaji. Je, ukifasiriwa na kuchezwa Songea, siri hiyo itahifadhika? Kwa upande mmoja Kiswahili kinakishinda Kiingereza: neno "alimwua" halisemi kwamba mwuaji ni mwanamume au mwanamke, ilhali Kiingereza aghalabu hulazimika kusema. Kwa upande wa pili Kiswahili hufichua: "shikamoo" hudhihirisha umri, na "shemeji" hudhihirisha ujamaa. Mfasiri asiyeangalia atamtia mwuaji pingu mapema.

Lakini siri si jina tu. Songea ni mji ambao Wajerumani waliwanyonga wakuu wa Wangoni tarehe 27 Februari, 1906, wauaji walijulikana, na swali lililobaki ni "kwa nini?" Mchezo huu nao una swali hilo, maana chanzo chake ni mtoto aliyekufa kwa kutendewa vibaya na waliokabidhiwa kumlea. Basi mfasiri ailinde siri ya jina, ila asiififishe habari ya mtoto huyo. Ndiyo itakayobaki mwuaji akisha kujulikana.