"Dawa ya Uongo" na Makosa Mengine katika Fomu ya Ridhaa

Likeni planasi ya kinywani ni ugonjwa unaochora mistari myeupe kama wavu ndani ya mashavu. Kwa baadhi ya wagonjwa huchubua utando wa kinywa na kuleta maumivu makali kila walapo pilipili au vitu vichachu. Hauna tiba ya kuuondoa kabisa. Aghalabu nafuu hutafutwa kwa malhamu ya kupaka, mathalan klobetasoli ya asilimia 0.05. Malhamu mpya hujaribiwa kwa watu waliokubali kwa hiari baada ya kuelezwa, kama lilivyoagiza Tamko la Helsinki la mwaka 1964. Basi mfasiri akipotoa maelezo, ameipotoa na ridhaa yenyewe.

Tumepata kupitia tafsiri moja ya fomu ya namna hiyo. Sarufi yake ni safi, lakini istilahi zake nne hazifai.

Kwanza, "paka mdomoni". Mdomo ni pamoja na midomo ya nje. Mgonjwa aweza kupaka huko, ilhali kidonda ki ndani ya shavu. Iandikwe: "paka ndani ya kinywa, juu ya kidonda".

Pili, "ugonjwa sugu". Tangu tuzoee kusema vijidudu sugu, wako watakaoelewa kuwa ugonjwa huo hausikii dawa. "Ugonjwa wa muda mrefu" hauna utata.

Tatu, "jaribio la upofu wa pande mbili". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, tena yamtia mgonjwa hofu ya macho. Maana yake ni kwamba si mgonjwa wala daktari ajuaye nani kapewa malhamu ipi. Na isemwe hivyo.

Nne, na ndilo zito, "dawa ya uongo". Nani basi amwongopea nani? Mgonjwa ameambiwa mapema kwamba huenda akapewa malhamu inayofanana na ile nyingine ila haina dawa. Hapo hapana uongo. "Dawa tupu" nayo haifai, kwani kama vile maji tupu ni maji pasipo kingine, yaweza kueleweka kuwa dawa halisi. Twapendekeza "malhamu isiyo na dawa": ni ndefu, lakini haidanganyi.

Kabla ya kupiga chapa, fomu isomwe mbele ya mtu asiye tabibu wala mfasiri, kisha aeleze atapaka nini, wapi, na ni kipi huenda asikipate. Akishindwa, kosa si lake.