Gramu 25 za Nyama: Jinsi Salmonela Wanavyotafutwa

Salmonela walio ndani ya nyama aghalabu huwa wachache, wametawanyika bila mpangilio, na wengi wao wamejeruhiwa na baridi au ukavu. Maandalizi ya sampuli hulenga kukabili hali hizo tatu. Yakifanywa ovyo, nyama hutangazwa salama kwa sababu tu bakteria walikufa kabla ya kupimwa.

Kazi huanzia machinjioni au buchani. Nyama hukatwa kwa kisu kilichotakaswa, hutiwa kwenye mfuko usio na vijidudu, huandikwa lebo papo hapo na kusafirishwa katika boksi la barafu, kwenye nyuzi 5 hivi za Selisiasi. Nyama mbichi haifai kugandishwa, kwani fuwele za barafu hupasua seli za bakteria. Ikifika imeganda, huyeyushwa jokofuni.

Maabarani, kwa utaratibu wa kimataifa wa ISO 6579-1 wa mwaka 2017, gramu 25 huchanganywa na mililita 225 za maji ya peptoni. Vipande vichukuliwe sehemu mbalimbali za nyama, na maji yaliyotoka jokofuni yaachwe kwanza yapoteze ubaridi. Mfuko hufungwa, kisha makasia mawili ya mashine huugonga kutoka nje mpaka nyama ilainike. Njia hii, iliyoelezwa na Sharpe na Jackson mwaka 1972, iliondoa adha ya kuosha na kutakasa visu vya blenda kila baada ya sampuli. Vipande vya mfupa viondolewe; hutoboa mfuko.

Hatua inayofuata ndiyo moyo wa kipimo. Mchanganyiko hukaa katika nyuzi 34 hadi 38 kwa saa 18 hivi, bila kemikali yoyote ya kuzuia bakteria wengine. Peptoni huwalisha majeruhi, na chumvi za fosfeti huzuia uchachu usiwadhuru. Kuharakisha hapa ni kosa kubwa: Salmonela ambaye hajapona hufa akiingizwa kwenye mchuzi mkali unaochuja bakteria.

Baada ya hapo tu ndipo sehemu ndogo huhamishiwa kwenye michuzi hiyo, mmoja katika nyuzi 41.5 na mwingine katika nyuzi 37, kisha kwenye sahani za kuoteshea. Kila awamu huambatana na mchuzi mtupu na mwingine wenye Salmonela wanaojulikana. Bila hiyo miwili, majibu hayaaminiki. Wasipopatikana, cheti huandikwa kwamba Salmonela hawakugundulika katika gramu 25.